Rubugo Kwenye Mpira wa Oili

Mwanangu, siku ile hunirudia kwa pua kwanza: harufu ya nguo ya gome la mti iliyolowa oili. Wewe hujazaliwa bado. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari Bukoba, na hili ni daftari langu la kila siku. Naliandika kwa sababu mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Lakini utakapolisoma nitakuwa nimezeeka, na wazee huulizwa mambo. Basi nakujibu mapema, kabla sijajifunza kuyapamba.

Tata, yaani baba yangu na babu yako, alikuwa dereva wa lori la dizeli. Alibeba kahawa ya wakulima kutoka Kimuli na Bugomora mpaka Bukoba, na lori lilipolala nyumbani lililala hapa kwetu Nyakasimbi, kando ya migomba. Watoto walimjua kwa honi. Wakubwa walimjua kwa upole wake, maana hakumpita mama mwenye mzigo barabarani.

Msimu ule, jiwe lilirushwa na gurudumu likapasua rejeta ndogo ya oili. Ukiifahamu rejeta ya maji utaifahamu na hii: inakaa mbele ya injini, oili inapita ndani yake ipoe, kisha inarudi kazini. Rejeta kama ile ya kiwandani ingekuja kwa meli, na meli haijui kwamba kahawa inasubiri. Ndipo fundi Kamugisha, mtu wa Muleba, mcheshi na hodari kweli, akasema ataleta nyingine kutoka kwenye lori la jeshi lililoachwa tangu vita. Ilikuwa kubwa kuliko ya zamani na haikuenea mahali pake. Akaifunga chini zaidi kwa vyuma, akaunganisha mipira miwili mirefu ya kupitisha oili. Mmoja ulipita karibu na bomba la moshi.

Nilikuwa likizoni, na kazi hiyo niliifanya pamoja nao. Mimi ndiye niliyekaza klipu zote za kubana mipira. Tata aliniamini, akanipa na kitabu cha lori, kilichoandikwa kwa Kiingereza, nimsomee fundi yanayohusu oili.

Wasiwasi wa Tata ulikuwa mawe. Barabara yetu ni mawe matupu, na mipira sasa ilikuwa inaning'inia. Bibi, mama yake Tata, akaingia ndani akatoka na kipande cha rubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo kwetu kitu cha thamani hufunikwa nayo. Akasema wauvike ule mpira wa karibu na bomba la moshi, uliokuwa chini zaidi, jiwe likija likute nguo. Fundi akafurahi sana. Akauzungushia tabaka tatu, akafunga kwa kamba ya mgomba, akasema Wazungu hawana akili kama ya Bibi.

Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimeshafika kwenye ukurasa unaosema mipira ya oili iachwe wazi, itazamwe kabla ya kila safari. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba kitabu hakitaki ifunikwe. Fundi akanitazama kwa huruma ya mzaha.

"Msomi wetu, hicho kitabu chako kimewahi kupita Kimuli?"

Wote wakacheka, hata Tata. Hawakuwa na ubaya. Nilihisi masikio yanawaka, nikafunga kitabu.

Lori lilitembea vizuri siku nne. Siku ya tano, asubuhi, Tata alikuwa akiagana na watu. Majirani walikuwa wamekuja na mikungu ya ndizi ya kupeleka kwa ndugu zao Bukoba, wengine wanamwamkia, wengine wanamtania. Nikainama kufunga kamba ya kiatu nikaona chini ya lori. Rubugo lilikuwa limebadilika rangi. Upande wa chini lilikuwa jeusi, linang'aa, na tone moja lilikuwa linakusanyika pole pole kwenye ukingo. Nilinusa. Nilijua pale pale kwamba mpira unavuja ndani ya nguo.

Nikasimama. Tata alikuwa amezungukwa na watu, amefurahi. Nikafikiri juu ya kile kicheko. Nikajiambia fundi anajua, labda ni oili iliyomwagika jana. Tata akanigusa kichwani, akapanda, akawasha. Vumbi lake likiwa bado linaelea, mimi niliingia ndani nikaandika katika daftari hili: "Rubugo limelowa oili. Sikusema." Maneno hayo yapo, kurasa nyingi nyuma ya hapa.

Kwenye mlima mkali, lori limejaa, injini imeelemewa, bomba la moshi lilipata moto na rubugo likashika. Tata alisimama, akawashusha kina mama wawili waliopanda juu ya magunia, kisha akafungua boneti na kulivuta lile rubugo kwa mikono mitupu. Aliliokoa lori na kahawa ya watu. Oili iliyokuwa inawaka ilimganda viganjani. Vidole vya mkono wa kulia vimeshikana, na wa kushoto haukunjiki. Lori limetengenezwa, analiendesha mtu mwingine. Likipita, mara nyingine mguu wa Tata husogea kana kwamba unatafuta klachi.

Hilo peke yake labda ningelificha. Lakini Bibi alianza kumwambia kila mgeni aliyekuja kumpa Tata pole kwamba ni yeye aliyemchoma mwanawe, kwa nguo aliyoitoa ndani kwa mkono wake. Akaacha kula. Kila siku alikaa upande wa pili wa nyumba asimwone Tata akilishwa.

Jumapili, nikimlisha Tata ndizi, nilimwambia. Nilimwambia yote: ukurasa, tone, na nilivyoinama na kuinuka bila neno. Akaniambia niweke kijiko chini.

"Ungeniambia ningekucheka," akasema. "Kisha ningefungua boneti."

Halafu akasema niende kwa mama yake, nikamwambie kwa mdomo, si kwa daftari.

Nilimkuta Bibi anamenya ndizi asizotaka kuzila. Nikapiga magoti, shikamoo ikatoka kama pumzi tu. Nilipomaliza aliniuliza niliona lini. Nikasema asubuhi, kabla Tata hajawasha lori. Hakunikemea. Alilia, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza na kuitazama viganja kwa muda mrefu. Jioni ile alikwenda kuketi karibu na Tata. Mimi alichukua siku nyingi kuniita tena kwa jina langu, na sikumlaumu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiona jambo linaloweza kumdhuru mtu, sema, hata kama waliopo ni wakubwa, hata kama jana walikucheka. Heshima ni kusema kwa adabu, siyo kunyamaza. Kicheko kinapita kabla chai haijapoa. Na usidhani kuliandika kunatosha. Karatasi haimsimamishi dereva. Na ukikosa kusema kwa wakati, sema kwa kuchelewa, maana huenda kuna mtu asiye na kosa anayeubeba mzigo wako.

Mungu akupe ulimi mwepesi kuliko wangu. Uwapendao waende safari zao na kurudi, na mikono yao izeeke ikiwa mizima.