Jumapili Ambayo Piano ya Manyatta Ilinong'ona

Piano ya kanisa letu ilipoteza sauti kati ya Jumamosi na Jumapili, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Haikufa. Ilinong'ona.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiitumia kufundishia watoto, kwa hivyo tulieni niwaeleze.

Naitwa Karwirwa. Kwetu ni Kangeta. Nilipomaliza chuo na digrii ya muziki, wajomba zangu wauza miraa waliniuliza, kwa upole kabisa, kama karatasi ile ingefaa hata kufungia miraa.

Nikaenda kujitolea Manyatta, juu ya Embu, kwenye kanisa dogo lenye piano kuukuu. Kila Jumamosi watoto walikuja na gambuti za matope, wakanawa mikono kwenye karai, wakaketi.

Niliwatungia vipande vifupi vya anga la usiku. Nilichokipenda zaidi nilikiita "Nyota Juu ya Kirinyaga". Hakina maneno. Unakicheza polepole, kwa sauti ndogo, kama nyota zinavyotokea moja moja ukungu ukiondoka mlimani.

Shida ilikuwa Rwamba. Miaka tisa, kichwa chepesi, lakini alicheza kama mtu anayepura maharagwe.

"Rwamba, hizo ni nyota au ni mawe?"

"Ni nyota, mwalimu. Lakini ni zile kubwa."

"Ziko mbali. Kitu cha mbali kinasikikaje?"

Akafikiria. "Kama guka akiniita nikiwa mtoni. Saa zingine nasikia, saa zingine sisikii."

"Basi cheza hivyo."

Akapura tena.

Guka huyo, babu yake, ndiye aliyekuwa shida ya pili. Mzee Gichovi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mwenye funguo zote. Alitaka piano itolewe, mahali pake pawekwe spika.

"Mwalimu, wimbo bila maneno ni wa nini?" aliniuliza mbele ya kamati. "Mungu atajuaje tunamwambia nini?"

"Mzee, hata nyota hazina maneno."

Mama Wamuyu, katibu, akacheka ndani ya leso. Mzee hakucheka.

Wakaamua watoto wacheze Jumapili mbele ya kanisa lote. Watu wakipenda, piano inabaki. Wasipopenda, inatoka, na darasa langu limekwisha.

Sasa, ilikuwa Julai, na Julai ya Manyatta si mchezo. Baridi na unyevu vilikuwa vimeanza kupinda sauti ya piano. Jumamosi, mazoezi yakiwa yamenishinda, nikamwambia Rwamba, "Hii baridi itatuulia piano."

Akaishika ubavuni kama mtu anayepima homa.

Jumapili ikafika. Rwamba akaenda mbele na soksi mpya, miguu ikining'inia. Nikafumba macho, nikingoja maharagwe.

Hayakuja.

Sauti ilitoka ndogo, laini, kama inatoka ng'ambo ya bonde. Rwamba mwenyewe akashtuka. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Piano ikanong'ona tu.

Akageuka kunitazama.

Basi akaacha kushindana nayo. Akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaanza kusikiliza anachocheza.

Kanisa zima likainama mbele. Akina mama wakanyamazisha watoto wachanga. Boda boda ikapita nje, watu wakaikunjia uso kama imewatukana.

Akamaliza.

"Rudia, mwanangu," Mama Wamuyu akasema.

Akarudia. Hapo nikajua piano haiendi popote.

Watu walipotoka kunywa chai, nilifungua kifuniko cha juu. Ndani, kati ya nyundo na nyuzi, palikuwa pameteremshwa blanketi la kijivu linalonukia moshi.

"Hilo ni la guka," Rwamba akasema.

Mzee Gichovi alikuwa nyuma yetu, kofia mkononi.

"Huyu alikuja nyumbani akilia kwamba baridi inaua piano," akasema. "Nikaja jioni nikaifunika. Pombe ya muratina ikikataa kuchachuka, unafunga kibuyu kwa blanketi, asubuhi kimeamka. Nikaona hiki nacho ni kibuyu, tena kikubwa."

"Muratina, mzee? Na wewe ni mwenyekiti?"

"Sikuzaliwa mwenyekiti."

"Lakini si ulitaka piano itoke?"

"Na spika bado nazitaka." Akamtazama mjukuu wake. "Lakini itolewe na watu, isitolewe na baridi. Na mtoto asiaibike mbele ya kanisa."

Spika zilikuja, zikawekwa upande wa pili. Siku hizi Rwamba anacheza nyota zake bila blanketi lolote. Vidole vyake viliijua ile sauti Jumapili ile, havijaisahau. Mzee naye akikutana nami sokoni huniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Nimejifunza mambo mawili. Nilimweleza mtoto upole kwa maneno mengi na hakuuelewa mpaka alipousikia.

La pili: anayekupinga kwenye kikao, usiwe na haraka ya kumwita adui. Nilipomrudishia mzee blanketi lake, nilimuuliza kama analo lingine nyumbani.

Hakuwa nalo.

Julai, Manyatta, mzee wa umri ule, na alikuwa amelala bila blanketi.