Shule Yetu ya Akalla, Mwisho wa Orodha

Sisi tuliokulia Akalla, pembeni mwa mji mkuu wa Waswidi, hakuna aliyetuuliza tunataka kusoma wapi. Asubuhi mlango unagongwa, unafungua, unamkuta Rehema wa ghorofa ya pili amesimama na mkoba mgongoni, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi, na nyuma yake watoto wengine sita wa jengo letu. Tunateremka kwa kelele, tunakata mitaa yenye majina ya miji ya Kifini ambayo mama zetu hawajaweza kuyatamka mpaka leo, na mwisho wa njia iko shule. Ilikuwa shule yetu kwa sababu ndipo miguu ilipoishia.

Kama nawe ulikulia huko miaka ile, utakumbuka harufu ya chumba cha makoti: soksi mbichi, suruali za theluji zikichuruzika kwenye ndoano, na chungwa ambalo mtu amelisahau mfukoni tangu wiki iliyopita. Utakumbuka Alhamisi, jinsi tulivyoinywa supu ya njegere za manjano kwa adabu zote ili tufikie pannkakor, chapati zao za maji, na jamu. Mpishi wetu alikuwa mama wa Kifini aliyetuita wote kipenzi, kwa kuwa majina yetu yalimshinda. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima, nasi tulikiteremka juu ya mifuko ya plastiki ya dukani mpaka makalio yafe ganzi. Kiangazi, jua likiwa halina habari ya kuzama, tulicheza kombolela. Mimi niliujua mchezo huo tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na nilishangaa kukuta watoto wa Kiswidi wanao uleule, na wanagombana vilevile kuhusu nani kaonekana kwanza.

Wazazi wa Rehema walitoka Mombasa, sisi tulitoka Uvira. Yeye alicheka Kiswahili changu, mimi nikacheka chake, na tukishindwa kabisa kuelewana tulimalizia kwa Kiswidi. Idi nilikula kwao, Krismasi alikula kwetu. Mama yangu, aliyetulea peke yake tangu baba afie kwetu Uvira, alifanya usafi kwenye maofisi ya Kista, mtaa wa jirani. Akirudi aliuliza swali moja tu: "Mwalimu alifundisha?" Nikisema ndiyo, basi, habari za shule zimekwisha.

Leo mtoto hajaanza hata kukaza shingo, ameshawekwa kwenye foleni ya shule. Nasema ninachokijua, maana majira ya baridi yaliyopita zamu ilikuwa yetu. Binti yangu Neema alikuwa anaingia mwaka wake wa sita, barua ya kuchagua shule ilikuwa mezani, na nyumba yetu, hapohapo Akalla, ilikuwa imetubana tangu azaliwe mdogo wake. Mume wangu Daudi, mtu wa Morogoro, mhandisi Kista, akasema kama tunahama, tuhame kwa kufuata shule.

Sikumwelewa. Akafungua kompyuta, akanionyesha orodha ya shule za jiji, zimepangwa kwa alama za wanafunzi, kwa walimu wangapi wamesomea ualimu, kwa majibu ya wazazi. Akanieleza kwamba shule za jiji humtazama kwanza mtoto anayeishi karibu, kwa hiyo watu wananunua nyumba mtaa fulani ili mtoto aingie shule fulani. Zile zisizo za jiji nyingi zinakwenda kwa foleni, na mwenzake kazini alimwandikisha mwanawe akiwa na siku tatu, kabla hawajakubaliana jina. Nilicheka sana. Daudi hakucheka.

Nikaitafuta shule yetu. Nilianza juu nikashuka, nikashuka, mpaka nikaikuta mstari wa mwisho kabisa. Nililitazama jina lile kama mtu aliyefungua gazeti akakuta picha ya mama yake, chini imeandikwa kwamba anatafutwa na polisi. Nikamwambia Daudi wamekosea. Akaniuliza, kwa upole, katika darasa letu ni wangapi waliomaliza masomo. Nilianza kuwahesabu kwa vidole, na kabla sijafika mkono wa pili majina yakaniishia.

Jumapili tulikwenda kuona nyumba inayouzwa, katika mtaa wa kusini mwa jiji ambao sitautaja. Tulikuwa watu kama ishirini, kila mmoja na mifuko ya plastiki ya buluu juu ya viatu, tunapishana kimya kama wageni wa hospitali. Dalali, kijana mwenye nywele za kulala vizuri, hakuhangaika kutusifia jiko. Alinipeleka moja kwa moja kwenye roshani akanionyesha shule ng'ambo ya bustani. Akasema, huku anatabasamu bila ubaya wowote, kwamba nisiwe na wasiwasi, nafasi za pale zinaishia kwa watoto wa jirani, watoto wa kule Järva hawafiki. Akalla iko hukohuko Järva; sijui alidhani mimi nimefikaje. Nilimshukuru. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Nikageuka kumtafuta Daudi. Ndani ya chumba cha kulala, akipima kabati kwa utepe, alikuwa Rehema.

Ni lazima mjue Rehema ni nani siku hizi. Ni mwalimu, tena wa shule ileile yetu, ana darasa la watoto wa miaka sita. Miaka yote nilipowasikia watu wakiisema vibaya shule ya Akalla, nilijituliza kwa kujua kwamba Rehema yupo. Na wanawe mapacha ni rika la Neema.

"Mmekuja kuangalia?" nilimuuliza.

"Tunaangalia tu," akasema. "Na nyinyi?"

"Tunaangalia tu."

Tulitoka wote wawili kwenye roshani. Alizungusha ule utepe mkononi.

"Furaha, usinihukumu. Nawapenda wale watoto wa darasa langu, na mimi kazini siondoki. Lakini muhula huu walimu watatu wameacha kazi, na kila siku naona kinachokosekana. Nikiona hivyo, halafu wanangu nao wawe wamekaa humo, nitakuwa mama wa namna gani?"

Nilimwambia simhukumu. Nilikuwa namhukumu, nimesimama kwenye roshani ileile, na plastiki ileile miguuni.

Nilitoka pale nikaenda kwa mama. Bado anaishi Akalla, nyumba ileile tuliyofikia. Nilimweleza yote, habari ya orodha, ya dalali, ya Rehema, na nilipoona ananisikiliza tu, nikajikuta nimemwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ilikuja barua kwamba tunaomaliza darasa la sita tunaweza kuchagua shule ya kuendelea. Pembeni mwalimu wangu alikuwa ameandika kwa mkono jina la shule moja ya mjini, akisema hesabu naziweza, nipelekwe huko. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Nilimsomea mama kwamba wanasema nitaendelea hapahapa, aweke sahihi tu. Rehema alikuwa anabaki, nami nilitaka kubaki na Rehema. Mama aliweka sahihi, akaikunja barua, akaitia mkobani mwake, na kesho yake akanipa niirudishe.

Nilitegemea atakasirika, au atalia. Aliendelea kumenya ndizi.

"Ile barua nilijua," akasema. "Nilienda nayo ku kazi, mwenzangu Mama Esther akanisomea yote, hata ile ya mwalimu."

Nilikaa chini. Miaka zaidi ya ishirini nimebeba uongo ambao haukumdanganya mtu. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliniacha.

"Ulikuwa umeisha kuhama mara tatu, mutoto wangu. Hapa ndio mara ya kwanza nilikusikia unacheka ukiwa usingizini. Ningekutoa namna gani?"

Nikamuuliza kama hajutii. Akasema hajui. Kwamba kama angenipeleka ningekuwa mtu mwingine, na huyo mwingine yeye hamjui. Kisha akaniuliza kama nitakula.

Nilirudi nyumbani nimeduwaa. Maisha yangu yote nimesimulia kwamba zamani zetu hakuna aliyechagua shule, na kumbe mama alichagua, kimya, mbele ya ndoo na mopu, na barua ya kusomewa. Na sababu yake hata singeweza kuiazima. Neema hajahama hata mara moja. Hacheki usingizini wala halii, analala tu.

Ile nyumba waliipata Rehema na mumewe. Mimi na Daudi tulibishana karibu mwezi mzima, tukaenda kuitembelea shule ya zamani, tukakaa nyuma ya darasa la Rehema asubuhi nzima. Daudi alikuwa na daftari. Alipotoka alisema huyo mama anajua kazi, ila ni mmoja. Mwishoni tulipata nyumba kubwa zaidi hapohapo Akalla, na Daudi alikubali kwa sharti kwamba kila muhula tutakaa chini tuulizane upya kuhusu shule, bila mimi kuleta habari za pannkakor.

Kwa hiyo sasa Rehema anatoka kwake alfajiri, anawaacha mapacha kitandani, anabadili treni mjini, anapanda ya buluu hadi kituo cha mwisho, anakuja kumfundisha mwanangu. Nilimuuliza wanawe wanaendeleaje. Akasema vizuri, wanasoma vitabu wenyewe, ila wakitaka kucheza na mwenzao lazima wazazi waandikiane ujumbe wiki nzima kabla. Tulicheka, halafu kicheko kikatuishia wote kwa pamoja.

Juzi, tukiwa njiani kurudi, Neema aliniuliza kwa Kiswidi kama shule yake ni shule nzuri. Kuna mtoto aliyemwambia kwamba siyo. Nilisimama katikati ya njia. Katika miaka yote tuliyokwenda na kurudi pale, sisi na soksi zetu mbichi, sikumbuki mmoja wetu aliyewahi kuuliza swali hilo. Hatukujua kwamba shule ni kitu cha kuulizwa. Nilimfunga zipu ya koti mpaka kidevuni ili nipate muda. Kisha nikamwambia kwamba mwalimu wake ni mzuri, na hilo ni kweli.