Koti la Papa Josias

Reli ilimwachia Papa Josias vitu viwili: nyumba ndogo hapa Kalemie, na koti jeusi alilopewa siku ya kustaafu. Pensheni aliisubiri mpaka akachoka kuisubiri. Sasa mfanyabiashara mmoja alikuwa amemshitaki, akidai nyumba ni yake. Mwanasheria, Maître Elodie, alikubali kumtetea bure, lakini kwanza sheria ilitaka cheti cha umaskini kutoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Bila cheti hakuna mtetezi, na kesi ilikuwa kesho.

Cheti cha umaskini! Yeye aliyeendesha treni mpaka Kabalo aende kuomba muhuri kwamba hana kitu? Alipiga koti pasi, akafunga tai, akang'arisha viatu, akaenda komini kifua mbele.

Karani alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Papa, muntu wa koti namna hii naye ni masikini? Basi sisi tuseme nini?"

Foleni nzima ikacheka. Na Papa Josias, Mungu amsamehe, akatabasamu. Akasema asante, akaondoka. Furaha yenyewe ilimfikisha relini tu. Hapo akamkumbuka mkewe, akapunguza mwendo.

"Wamekuandikia?" Mama Victorine akauliza.

"Wamesema mimi siko masikini."

Hakumpigia kelele. Afadhali angempigia. Aliepua mihogo, akamshika mkono, wakarudi wote wawili. Njiani Papa Josias akamweleza yote, hata lile tabasamu.

Foleni ilikuwa ileile.

"Papa Aimée, vua koti," akasema Mama Victorine, akimwita kwa jina la binti yao.

"Hapa? Mbele ya bantu?"

"Si ndiyo hapa hapa ulichekea?"

Akavua. Shati lilikuwa na kola na kifua, mgongo haukuwepo. Mama Victorine alikuwa ameukata zamani ili atie viraka kwenye kola. Safari hii hakuna aliyecheka. Karani aliinamisha kichwa, akaanza kuandika.

Papa Josias aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga, na si kwa ajili ya mgongo ule. Kwa sifa ya karani mmoja alikuwa amekubali mkewe alale nje.

Muhuri ukapigwa.

"Vaa, Papa," karani akasema polepole.

Alipapasa mkono wa koti, asiuone kwa machozi. Mama Victorine akamvalisha, akamfunga vifungo vyote, mbele ya watu.