Shilingi za Pindo la Bibi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, na mimi mzee hivi. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, hapahapa Endamarariek. Nchi ilikuwa imetoa sarafu zake yenyewe, mpya, zinang'aa. Za mkoloni tuliziona takataka.

Bibi yangu alikuwa na sketi ya ngozi aliyoishonea shanga mwenyewe usichanani. Kwenye pindo alikuwa ametoboa na kuning'iniza rupia za Mjerumani na shilingi za kwanza za Mwingereza. Akicheza, zinalia. Alikuwa amemwahidi dada yangu Paulina aivae siku ya arusi, na arusi ilikuwa imebaki wiki moja.

Mimi, mjuaji wa nyumba nzima, nikaona aibu dada yangu acheze ngoma amevaa uchafu wa wakoloni. Bibi alipokwenda shambani nikazikata zote, nikatembea hadi Karatu kwa mwenye duka mmoja. Akazigeuzageuza, akatikisa kichwa. "Zina matundu hizi, nani atazipokea? Lakini kwa kuwa ni wewe, nakupa mpya, moja kwa kila moja." Nikamshukuru. Nikamshukuru mara mbili, mpumbavu mimi! Nikarudi, nikazitoboa zile mpya kwa msumari, nikazishona.

Baada ya siku mbili Bibi aliichukua sketi, akaitikisa mara moja tu; mlio haukuwa ule.

"Umemuuliza nani?"

"Bibi, shilingi ni shilingi."

"Nenda kazirudishe. Usilale humu mpaka umezirudisha."

Nilikwenda mbio. Mwenye duka alikuwa amekwisha kuzipeleka Arusha kwa sonara, zikayeyushwe ziwe bangili. Akanicheka usoni. "Biashara ni kuelewana, kijana. Si tulielewana?"

Hapo ndipo nilipoelezwa na watu wazima jambo ambalo mwenye duka alilijua tangu nilipoingia mlangoni. Sarafu za zamani zilikuwa na madini ya fedha ndani yake. Bei ya madini hayo ilipopanda, serikali zikaona kipande chenyewe kinaelekea kuzidi thamani iliyoandikwa juu yake, na watu wanazificha na kuziyeyusha. Nani atengeneze shilingi kwa gharama inayozidi shilingi? Wakaiondoa fedha, wakatia shaba na nikeli, wakaacha maandishi yaleyale. Serikali ilijihami, na mwenye duka naye akajua pa kupata faida. Aliyebaki kapa ni mimi na ujuaji wangu.

Siku ya arusi Paulina aliivaa sketi hivyohivyo. Wanawake wakaanza kuimba, akaruka, pindo likagonga kama vifuniko vya soda. Bibi akainuka, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka wageni wameondoka. Dada yangu alinisogelea, machozi yanamlenga, akasema, "Kaka, si ungeniuliza?"

Sasa nakuona wewe na pikipiki yako unawazungusha wale wanunuzi, leo Ganako, kesho Loliondo, mnachukua shanga na vikuku vya bibi zenu vikauzwe kwa watalii. Unaniambia, "Mzee, ni vya kizamani, wanatoa hela nzuri." Hela nzuri! Nani amekwambia ni nzuri? Yuleyule anayenunua? Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nawe unatupa mbacha na msala wenyewe hujauona.

Sikukatazi kuuza, mwanangu. Shida hazina adabu, najua. Ila kabla hujauza, tafuta mtu asiye na faida katika biashara hiyo, akwambie kitu hicho kimetengenezwa na nini. Halafu muulize aliyekivaa, na yule anayengoja kukivaa. Mtu akiwa na haraka ya kukubadilishia kitu cha zamani kwa kipya, jua amekwisha kukipima.

Nimekukaripia kwa sababu ni wewe ninayekupenda. Mungu akuzidishie riziki ya halali, akulinde na wajanja na ujuaji wako mwenyewe, na dada zako wasije wakakuuliza swali nililoulizwa mimi.