Gundi ya Mbuta

Hata leo nikipita mahali wanapasua samaki wa mbuta, ile harufu nzito ya vibofu vyake vya hewa inanirudisha mtaani Manyatta, kwenye kibanda cha baba, mimi bado mdogo, nakoroga sufuria.

Baba alikuwa seremala, lakini kazi aliyoipenda ni kutengeneza mbao za gramafoni za zamani, zile za kuzungusha kwa mkono. Yetu aliiacha babu. Wadudu walikuwa wamekula ubavu mmoja, ikawa inaimba kama mtu mwenye mafua. Baba akakata ubao wa mvule, akausugua polepole, akikohoa, mpaka vumbi likajaa kwenye nywele na nyusi, akaonekana mzee. Ndiyo mara pekee nilimwona mzee.

Vibofu tulianika juu ya paa, kisha tukavichemsha mpaka vikawa gundi. Paka wote wa Manyatta walihamia kwetu.

"Baba, si upige tu misumari?"

"Nyathina, mwanangu, msumari unaumiza mbao. Hii gundi ukiiwekea maji moto inaachia yenyewe. Siku ikiharibika, utafungua bila kuvunja kitu."

"Mimi?"

"Sasa nani, hawa paka?"

Jioni santuri ikazunguka. Mama akaacha omena zake motoni, akasimama mlangoni. Mimi nikalala juu ya maranda, macho nimefumba, nikidhani wimbo unatoka ndani ya mti wenyewe.

Kisha baba akafa. Matanga hayajaisha, baba mdogo Okoth akaja kuibeba gramafoni. Namtaja kwa jina, yeye na Ogola kaka yake, aliyemshikia mlango. Niling'ang'ania ile hendo ya kuzungushia.

"Achilia, mama," Okoth akaniambia. "Wewe utaolewa. Unataka kupelekea watu mali yetu?"

Akaiweka kwake Asembo Bay, kwenye chumba kinachovuja. Unyevu ukalegeza gundi, ubavu ukaachia. Nilipoenda huko likizo nikamwomba kibofu kimoja tu cha mbuta, niurudishe ubavu.

"Msichana fundi!" Akacheka mpaka akakohoa. Akapiga misumari ya paa. Mvule ukapasuka juu hadi chini, wakaufanya kuni za kupikia chai. Nilikunywa hiyo chai.

Shule sikufika mbali, mambo mengi nimeyaelewa nikiwa nimechelewa. Kikohozi cha baba sisi tulisema ni vumbi la mbao. Yeye alijua si vumbi. Na siku ile ya gundi hakusema fundi atafungua. Alisema utafungua.