Mifupa Yenye Mama Wawili

Kwetu Taita nilijulikana kama daktari asiyetibu. Jamaa waliniletea malaria zao na watoto wanaokohoa, nami nikawaambia nimesomea vinasaba, yale mtu anayorithi mwilini kwa wazazi wake, na kwamba kazi yangu ni kuwasaidia polisi kujua marehemu ni nani. Shangazi yangu alisikitika waziwazi. Miaka yote hiyo ya shule, akasema, halafu wagonjwa wako wote wameshakufa.

Katikati ya miaka ya tisini wafugaji walikuta mifupa ya mtu kwenye pori la upande wa Kasigau. Polisi wakaipeleka mochari ya Voi, nami nikaitwa kutoka Nairobi kwa sababu mama wawili walikuwa wakiidai. Mmoja alikuwa mkulima wa Kasigau, ambaye mwanawe alitoka kufukuza ndovu kwenye mahindi asirudi. Wa pili alikuwa mjane Mwislamu mwenye duka la vitambaa hapo Voi. Wake alikwenda Miasenyi kununua mbuzi, hakuonekana tena. Kila mmoja alitaka kumzika mwanawe, basi.

Niliwatoa damu wote wawili, nikaipeleka ng'ambo pamoja na kipande cha mfupa, maana hapa nchini hatukuwa na mashine za kazi hiyo. Majibu yalichukua miezi. Mimi niligombana na posta, na maabara, na simu ya mochari iliyokuwa ikikatika. Wale mama wawili hawakugombana na mtu. Mama wa Kasigau akija mjini alifikia kwa mjane, wakaenda mochari pamoja, kila mmoja akaomba kwa dini yake pale mlangoni, kisha wakarudi kunywa chai.

Mwishowe mjane alichoka kungoja. Akawaita walimu wa madrasa, akapika pilau, akamsomeshea mwanawe hitma, kisomo cha kumwombea marehemu.

Majibu yalipofika, mifupa ilikuwa ya kijana wa Kasigau. Nilimfuata mjane dukani kwake nikiwa na furaha kidogo, kwani nilidhani nampelekea habari njema.

"Mama, si yeye," nilimwambia. "Huenda mwanao yu hai."

Alikikunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nimeshamsomea hitma, daktari mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimeanza kupata usingizi. Sasa nirudi tena kusikiliza mlango?"

Chuoni tulifundishwa namna ya kusema marehemu ni nani. Namna ya kumwambia mama kwamba si wake, hakuna aliyetufundisha. Niliondoka pale roho ikiniuma.

Kwao Waislamu, wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo sikumtarajia mjane kwenye mazishi. Lakini nilipofika Kasigau, nimechoka na ile barabara mbovu, nilimkuta ameshafika, amesimama na buibui lake katikati ya kina mama wa kanisa. Nilimwuliza kwa sauti ya chini kama ataweza kukaa mpaka mwisho.

"Huyu nimemwombea miezi yote hii," akanijibu. "Nitamwachaje leo?"

Mchungaji alipomaliza, mama wa marehemu aliinama akachota udongo. Hakuutupa kaburini. Alimshika mwenzake mkono, akaumimina kiganjani mwake.

"Anza wewe, dada," akasema. "Huyu tulimngojea sisi wawili. Na wako tutamngojea hivyo hivyo."