Bibi Niliyemwacha Ng'ambo

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na sijawahi kukanyaga nchi hata moja ambayo watu wake huzaliwa wakikisema. Nairobi nimefika, lakini kule hata muuza mahindi alinijibu kwa Kiswahili, kwa hiyo siitii hesabuni. Nilipoacha ualimu, mwenye ofisi moja ya safari hapa mjini Tanga aliniita. Wateja wake wengi walikuwa wazee wenye watoto ng'ambo. Aliwakatia tiketi, akawasaidia na viza, lakini wakishafika huko hawakujua watembee wapi, wakabaki kukaa ndani wakitazama ukuta. Akataka niwaandikie kurasa fupi kwa Kiswahili, kila mji na vya kwenda kutazama.

Kazi hiyo niliifanya sebuleni kwetu Makorora, mimi na kompyuta yangu kuukuu, mama akiwa kwenye mkeka wake karibu na mlango wa uani. Nilisoma ya Kiingereza, nikatazama video, kisha nikaandika kwa namna ambayo mtu wetu atanielewa. Mtu wa Tanga ukimwambia kwamba maporomoko ya Niagara ni maajabu ya dunia, atakuuliza chai inanywewa wapi. Basi nikaandika kuwa maji yale humlowesha hata aliyesimama mbali, avae cha kumkinga, na chai ataipata ng'ambo ya barabara. Mlima wa Cape Town niliueleza kwa jinsi mawingu yanavyoshuka Usambara asubuhi. Daraja la Sydney nilisema linatosha kutazamwa kutoka kwenye feri, hakuna haja ya kulipanda kwa miguu kama wafanyavyo watu wasio na shughuli. Pale nilipokosa habari, nilijazia kutoka nyumbani. Mahali pa Toronto ambapo sikupajua nilipatia kona ya Barabara ya Kumi na Mbili ya hapa Tanga, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Siku moja akaja mama mmoja wa Ushongo. Binti yake alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli za ufukweni kule kwao, akapata mchumba mgeni, wakaoana, wakahamia mji mdogo wa wavuvi kaskazini mwa Skotilandi. Sasa yule mama anakwenda kumtembelea miezi mitatu na roho haikuwa imemtulia.

"Mwalimu, mie huko sina nimjuaye," aliniambia. "Niandikie hata mahali pamoja pa kwenda. Nisije nikafa na upweke."

Nilitafuta habari za mji ule nikapata picha nne tu. Nyumba za mawe, ngazi zinazoteremka bandarini, bahari ya kijivu, na ukuta mfupi chini ya ngazi. Nilizitazama siku nzima. Nilimwonea huruma yule mama, nikataka ukurasa wake uwe na mtu ndani yake. Nikaandika kwamba akishuka ngazi zote atakuta ukuta mfupi wenye kukinga upepo, na nyuma ya ukuta ameketi mwanamke mzee ambaye mikono yake haipumziki, na kila apitaye humwita na kumwuliza atokako. Akae naye, nikaandika. Ni mtu mwema.

Mwanamke yule alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa Moa, karibu na mpaka, na alikuwa akiketi mlangoni kwa nyuma akisuka ukili wa mikeka. Alifariki zamani, nilipokuwa nafundisha Lushoto. Sikuandika jina lake wala kabila lake. Nilimwazima tu, kama nilivyoiazima Barabara ya Kumi na Mbili.

Yule mama akaukunja ukurasa, akautia kwenye mkoba, akasafiri.

Aliporudi alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu, asubuhi jua limeshapanda, na kopo la biskuti mkononi. Alimwamkia mama shikamoo, akaketi, akanieleza ya binti yake na ya baridi. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Na yule bibi yako wa chini ya ngazi," akasema, "nilimkuta."

Nilicheka kwa adabu. Nikadhani ananifurahisha.

"Nilimkuta nyuma ya ukuta, kama ulivyoandika. Amejitanda hata uso hauonekani vizuri. Nikasahau niko wapi, nikamwambia shikamoo. Akaitika."

"Akaitika vipi?"

"Marahaba. Ataitika vipi tena? Akaniuliza, watoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akaniuliza nani alonambia yeye yuko pale. Nikamwambia, mwalimu mmoja wa Makorora. Akasema, mwambie nasikia baridi."

Nilimwuliza kama yule mwanamke alikuwa mzungu. Alifikiri, akasema hakumtazama hivyo. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikuliandika popote. Alisema yule bibi alikuwa anasuka kitu kirefu, na ncha yake ameibana kwa kidole gumba cha mguu, mguu mtupu, na mawe yamelowa mvua.

Ungo wa mama ulinyamaza. Bibi yangu alikuwa akiubana ukili hivyo hivyo, kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichopinda. Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa, saa nne ya asubuhi, majirani wanafua uani na redio inaimba.

Mgeni alipoondoka mama akaniambia nimsomee ukurasa ule. Nilimsomea. Akanitaka nirudie. Nikarudia.

"Hukumrehemu," akasema.

Kwetu hatumtaji aliyekufa hivi hivi. Husemwa marehemu kwanza, ndipo jina lifuate. Hata uliyegombana naye, hata aliyekudhulumu, utatanguliza neno hilo. Mama akilisahau hurudi mwanzo wa sentensi akaianza upya. Kwa kulisema unakiri kuwa mtu amekwenda, na unamwombea huko aliko. Mimi nilikuwa nimemtaja bibi bila neno hilo. Nilikuwa nimemweka kwenye wakati uliopo, nikampa ukuta na bahari, nikamwambia akae.

"Mamangu umemwandika yu hai," mama akasema. "Umemketisha kwenye upepo wa watu. Ataondokaje, nawe ndiwe ulomweka?"

Nikajitetea. Nikasema ni bibi fulani wa kule kule anafuma sweta. Mama akaniuliza tangu lini sweta hufumwa kwa miguu. Nikasema nitausahihisha ukurasa kesho, neno moja tu, mambo yaishe.

Kesho yake nilipofungua kompyuta, mama aliinuka kwenye mkeka, akaja kusimama nyuma yangu. Si kawaida yake.

"Usiandike kwanza," akasema.

Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Mara ya mwisho kwenda Moa alimtaka bibi ahamie mjini, kwa kuwa macho yalikuwa yanapungua. Bibi akakataa. Wakazozana mlangoni mpaka mama akapandwa na hasira, akamwambia, basi kaa hapo hapo, kisha akaondoka bila kuaga. Baada ya wiki chache baba akalazwa, na mama akawa hospitalini akimuuguza. Bibi alifariki wakati huo. Habari zilimfikia mama siku ya nne, matanga yameshaondolewa. Hakumwomba mama yake radhi, wala hakupewa.

"Kama yuko pale ananisikia," mama alisema, "nataka aniwie radhi. Akishaniwia, andika neno lako."

Mtu wa bara pengine hataelewa. Mtu wa pwani anajua kuwa mtoto asiye na radhi za mzazi huishi kama anayetembea na mwiba. Mama alikuwa ametembea nao miaka yote ile huku ananipikia na kunicheka. Nikaufunga ukurasa.

Yule mama wa Ushongo alikuwa anarudi Skotilandi baada ya muda mfupi kwa sababu binti yake alikuwa mjamzito. Mama alimwita, akamkalisha karibu, akamwambia maneno ya kupeleka. Hakutuma kitu, maneno tu. Mwambie, mwanao aomba radhi kwa lile neno la mlangoni. Yule mama aliitikia kwa kichwa. Niliona mikono yake ameifumbata mapajani.

Tukaanza kungoja, na hapo ndipo nyumba yetu ilipobadilika. Mama aliniuliza kila asubuhi hali ya hewa ya kule. Nilitazama kwenye simu nikamwambia: mvua, upepo, nyuzi mbili. Ilikuwa kaskazi, Tanga inachemka, mashuka tunayaacha. Mama akaanza kujitanda kanga mbili, halafu tatu. Akaniambia niufunge mlango wa uani kwa kuwa upepo unampiga, na huko nje hata jani la mwarobaini lilikuwa halitikisiki. Niliushika mguu wake nikaukuta wa baridi, baridi ya kitu kilichotolewa majini.

Kisha akataka aletewe miyaa, yale majani ya kusukia. Hakuwa amesuka ukili tangu ujana wake. Aliketi akasuka siku kutwa, ncha ameibana kwa kidole gumba cha mguu, na alipomtaja mama yake alisema, "Mamangu leo anyeshewa." Hakutanguliza neno. Mama yangu, ambaye hulirudia hata kwa paka aliyekufa. Hilo lilinitisha kuliko mengine yote.

Akapunguza kula. Daktari akampima, hakuona ugonjwa, akaandika vitamini. Nilikaa mbele ya ukurasa ule mara nyingi, neno liko kwenye vidole. Nikiliandika, huenda bibi akaondoka na baridi ikatoka nyumbani kwetu. Lakini ataondoka na radhi za mama yangu. Nisipoliandika, mama atamfuata alipo. Nilimpigia simu yule mama wa Ushongo, nikamweleza kuwa mama hali chakula tena, nikamsihi ashuke ngazi zile. Aliniambia, "Nimesikia, mwalimu," akakata.

Baada ya siku mbili ulikuja ujumbe wake wa sauti. Niliuweka karibu na sikio la mama, alasiri, jua likiwa limejaa sebule nzima.

"Nimemwona," sauti ilisema. "Nimempa maneno yako. Amesema radhi alishakupa siku ile ile, kabla hujafika barabarani. Amesema usimfuate huku, huku si kwenu. Amesema aachwe aende."

Mama aliusikiliza mara tatu. Halafu akalia kilio cha msibani, kilio chenye maneno, ambacho hakupata nafasi ya kukilia wakati wake. Majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa, nami sikujua niwaambie nini, nikawaambia ndiyo, tumefiwa. Walikaa naye mpaka magharibi. Aliponyamaza akaniambia, "Sasa andika."

Nikaandika. Hapo chini ya ngazi, kabla ya yule mwanamke mzee, nikaweka marehemu. Ukurasa ukawa hauna maana kwa msafiri yeyote, basi nikautoa kwenye kazi za ofisi. Usiku ule mama alikula wali na samaki, asubuhi akaufungua mlango wa uani mwenyewe, akalalamika joto. Miyaa aliwapa watoto wa jirani wachezee. Miguu yake ilikuwa na joto. Nilimshukuru Mungu nikarudi kwenye kurasa zangu za Auckland, na nilikuwa mwangalifu nisimtie mtu.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Safari hii hakuja nyumbani. Alinikuta ofisini, akaomba tutoke nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Mwalimu, sikwenda," akasema.

Nikamwuliza hakwenda wapi, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Chini ya ngazi. Mara ya pili sikwenda. Theluji ilikuwa imeganda, binti kanikataza, lakini si hilo. Niliogopa. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili najua naenda kwa nani. Uliponipigia ukasema mama hali chakula, nikakaa jikoni kwa binti yangu nikayatunga yale maneno. Niliyasema kama ambavyo ningetaka kuambiwa mie."

"Na mara ya kwanza?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Mara ya kwanza nilimwona. N'kudanganye nipate nini?"

Akaniomba nimsamehe, nikamwambia yameisha. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Bibi alikuwa pale akingoja mtu ashuke ngazi, mtu hakushuka, nami nikamwondoa kwa neno moja. Hakuulizwa kitu. Radhi anazoishi nazo mama yangu alipewa na mwanamke wa Ushongo, jikoni, katika mji ambao sijauona.

Ukurasa bado ninao. Neno lile lina herufi nane na kulifuta ni kazi ya sekunde. Mama yuko hapo sebuleni, ana afya, anazozana na redio, na akimtaja mama yake husema marehemu bila kusita. Sijamwambia. Akijua ataniomba nimrudishe bibi kwenye ule upepo, walau mara moja, amuulize, na mimi sijawahi kumkatalia mama kitu.